Majina yasiyoitikiwa: saratani ya mlango wa kizazi miaka mitano baada ya tiba

Kila askari anajua maana ya kuita majina. Alfajiri, kabla ya kazi yoyote kuanza, sajini husimama mbele ya kikosi, orodha mkononi, na kila jina hutakiwa kuitikiwa. Jina likikosa mwitikaji halirukwi hivi hivi. Mwenyewe hutafutwa mpaka ijulikane kama amelazwa hospitali, yuko likizoni, ametoroka au amefariki dunia. Kikosi kisichojua waliko watu wake hakijui nguvu zake, na mkuu wake akiulizwa hana jibu la kumpa aliye juu yake.

Iko orodha nyingine ambayo majina yake huitwa na wengi wasiitike. Ni orodha ya wanawake waliotibiwa saratani ya mlango wa kizazi. Miongoni mwao wamo wake zetu, mama zetu na dada zetu, na wamo pia askari wa kike na polisi wa kike wanaovaa sare kama sisi. Katika uchambuzi huu tunakusudia kueleza yanayowapata wanawake hao miaka miwili, mitatu na mitano baada ya kutoka hospitali. Kwa nini matokeo ya kwetu hayalingani na yale yanayosifiwa katika habari za kitabibu za ulimwengu. Na ni sehemu gani ya tofauti hiyo iliyomo mikononi mwa mtu mwenye sare.

HESABU YA KAMPALA

Mji wa Kampala una daftari la saratani lililo miongoni mwa yale ya zamani kabisa barani Afrika. Lilianzishwa katika miaka ya 1950 huko Makerere. Kwa kulitumia daftari hilo, wataalamu waliwafuatilia wanawake 261 waliogunduliwa kuwa na saratani ya mlango wa kizazi kati ya mwaka 1995 na 1997. Hawakukaa ofisini kungoja wagonjwa waje, waliwatafuta. Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 2003.

Ilipofika tarehe 31 Desemba 1999, siku ya kufunga hesabu, wanawake 105 walikuwa hai, 82 walikuwa wamefariki, na 74 hawakujulikana walipo.

Tuitazame hesabu hii kwa jicho la askari. Tukidhani kwamba hao 74 wote walikuwa hai, basi waliofariki ni 31 katika kila 100. Tukidhani kwamba wote walikuwa wamefariki, idadi inapanda hadi 60 katika kila 100. Baina ya 31 na 60 pana tofauti ya tiba inayowaokoa walio wengi na tiba inayowapoteza walio wengi. Wataalamu wana njia zao za kukadiria, nao walikadiria kwamba baada ya miaka mitatu wanawake zaidi kidogo ya nusu walikuwa wangali hai. Hata hivyo kadirio halimwambii daktari ni nani aliyepona, wala halimrudishi mgonjwa ambaye maradhi yake yameanza upya akiwa kijijini.

Liko jambo la pili katika hesabu hiyo. Karibu theluthi mbili ya wale waliopotea walipotea katika mwaka wa kwanza baada ya kugunduliwa. Huo ndio mwaka wa tiba yenyewe na wa uangalizi wa karibu, mwaka ambao mgonjwa hapaswi kabisa kuachwa peke yake. Hesabu ni ya zamani na tiba imesonga mbele tangu wakati huo, lakini somo lake halijazeeka.

MARADHI YENYEWE

Mlango wa kizazi ni sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi inayoungana na uke. Karibu saratani zote za mahali hapo huletwa na kirusi kiitwacho papiloma, kwa kifupi HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Mjerumani Harald zur Hausen, aliyethibitisha uhusiano huo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Watu wengi huambukizwa kirusi hicho wakati fulani wa maisha yao, na aghalabu mwili hukifukuza wenyewe. Kwa hiyo ugonjwa huu si hati ya mashtaka dhidi ya tabia ya mwanamke, na mume anayemshutumu mkewe kwa sababu hiyo anafanya hivyo kwa kutojua. Yamkini ni yeye aliyekileta kirusi nyumbani, bila kuona dalili yoyote mwilini mwake.

Kirusi kikibaki, huchukua miaka 15 hadi 20 kuzibadili chembe za mwili mpaka ziwe saratani. Kwa mwanamke ambaye kinga yake ya mwili imedhoofika, muda huo unaweza kupungua ukawa miaka 5 hadi 10. Mwanamke mwenye virusi vya UKIMWI yumo katika hatari mara sita zaidi ya asiye navyo. Katika Afrika ya Mashariki, ambako UKIMWI umepita katika kila kambi na kila kijiji, maneno hayo hayahitaji ufafanuzi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 wanawake wapatao 660,000 waliugua saratani hii ulimwenguni, na wapatao 350,000 walikufa. Katika kila vifo 100, kama 94 vilitokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Maradhi ni yale yale kila mahali. Kinachotofautiana ni wakati wa kugunduliwa, tiba inayopatikana, na uangalizi unaofuata.

HABARI NJEMA ZA TIBA

Madaktari huigawa saratani hii katika hatua nne. Katika hatua ya kwanza imo ndani ya mlango wa kizazi peke yake. Katika hatua ya pili imevuka mipaka hiyo, lakini haijafika kwenye kuta za nyonga. Katika hatua ya tatu imefika kwenye kuta hizo, au sehemu ya chini ya uke, au imeziba njia ya mkojo kutoka figoni, au imeingia katika tezi za nyonga au za tumbo. Katika hatua ya nne imeingia katika kibofu au utumbo, au imesafiri hadi sehemu za mbali kama mapafu na ini.

Mgonjwa wa mapema aghalabu hutibiwa kwa upasuaji. Aliyevuka hapo hutibiwa kwa mionzi pamoja na dawa. Mwezi wa Februari 1999, Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani iliwatangazia madaktari kwamba majaribio matano makubwa yalionyesha jambo moja: dawa iitwayo sisplatini ikitolewa pamoja na mionzi, hatari ya kifo hupungua kwa asilimia 30 hadi 50. Tangu hapo ndivyo wanavyotibiwa wagonjwa wengi duniani.

Miaka ya hivi karibuni imeleta mengine. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uitwao EMBRACE, uliohusu wanawake 1,341. Hao walipewa mionzi ya nje, dawa, kisha mionzi ya ndani iliyoelekezwa kwa picha ili ipige uvimbe na kuepuka viungo vya jirani. Baada ya miaka mitano, uvimbe ulikuwa umedhibitiwa pale ulipoanzia kwa wanawake 92 katika kila 100, na 74 katika kila 100 walikuwa hai. Tusisahau kwamba wengi wao hawakuwa wagonjwa wa hatua ya kwanza.

Mwaka 2024 yakafuata matokeo ya jaribio la INTERLACE, lililofanywa kwa wanawake 500 katika nchi kadhaa, zikiwemo Uingereza, India na Mexico. Nusu yao walipewa tiba ya kawaida. Nusu ya pili walitangulizwa wiki sita za dawa mbili, karboplatini na paklitakseli, kisha wakapewa tiba ile ile ya kawaida. Baada ya miaka mitano, waliokuwa hai katika kundi la kwanza walikuwa 72 katika kila 100. Katika kundi la pili 80. Dawa hizo mbili si ngeni wala si za hazina ya kifalme. Hospitali nyingi za saratani, pamoja na za Afrika, zimezitumia kwa miaka mingi kutibu saratani nyingine.

Basi tukiulizwa kama saratani ya mlango wa kizazi inatibika, jibu ni ndiyo, na hata iliyosonga mbele wengi huishinda. Swali lililobaki ni gumu zaidi: kwa nini ushindi huo haujawafikia wanawake wetu kwa kiasi hicho?

SABABU YA KWANZA: KUFIKA KWA KUCHELEWA

Takwimu za Marekani zinaonyesha wazi thamani ya wakati. Mwanamke aliyegunduliwa saratani ikiwa ingali mahali ilipoanzia, nafasi ya kuwa hai baada ya miaka mitano ni kama 91 katika 100. Ikiwa imeenea katika viungo vya jirani au tezi, ni kama 60. Ikiwa imekwenda mbali mwilini, ni kama 20. Hospitali ni zile zile na madaktari ni wale wale; kilichobadilika ni siku ya kubisha hodi. Uchunguzi wa Kampala nao ulifikia hitimisho hilo hilo: hatua ya ugonjwa siku ya kugunduliwa ndiyo iliyotabiri kuliko jambo jingine lolote nani ataishi.

Dalili zinazopaswa kumpeleka mwanamke hospitali mara moja ni kutokwa na damu baada ya tendo la ndoa, damu kati ya hedhi na hedhi, damu kwa aliyekwisha koma hedhi, uchafu wenye harufu mbaya, na maumivu ya nyonga yasiyoisha. Miguu ikivimba na mkojo ukipungua, adui amekwisha kuingia ndani ya boma. Wengi huona haya kuyasema hayo, wengine hununua vidonge dukani, na wengine hungoja mume arudi kutoka lindo la mbali ili atoe idhini na nauli. Miezi hupita, na katika miezi hiyo hatua ya kwanza huwa ya tatu.

SABABU YA PILI: SIKU ZINAZOPOTEA KATIKATI YA TIBA

Tiba ya mionzi ina ratiba kama operesheni. Kwa kawaida mgonjwa hupigwa mionzi ya nje siku tano kwa wiki kwa muda wa wiki tano hivi, akipewa sisplatini mara moja kila wiki, kisha humalizia kwa mionzi ya ndani. Yote hayo yanapaswa kukamilika katika siku 56, yaani wiki nane. Chembe za saratani zilizojeruhiwa huanza kujipanga upya zikipewa nafasi. Wataalamu wamekadiria kwamba kila siku inayozidi muda huo hupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe kwa nusu hadi asilimia moja. Atakayechelewa wiki tatu amekwisha kupoteza sehemu kubwa ya faida aliyoifuata.

Nchi ya Uganda ilijifunza hayo kwa uchungu. Mashine ya kobalti ya Mulago, ambayo ilikuwa ndiyo mashine pekee ya tiba ya mionzi nchini, iliharibika mwaka 2016 isiweze kutengenezwa tena. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan mjini Nairobi ilijitolea kuwatibu wagonjwa 400 bila malipo, jambo la ujirani mwema lisilofaa kusahauliwa. Mashine mpya ilizinduliwa mwezi wa Januari 2018. Kati ya tarehe hizo mbili ulipita muda wa zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Mwanamke aliyekuwa katika siku yake ya kumi ya mionzi mashine ilipozimika hakuwa na siku 56 za kungoja, sembuse mwaka.

Rwanda nayo, kwa miaka mingi, ililazimika kuwapeleka wagonjwa wake nchi nyingine kwa ajili ya mionzi, mpaka mwaka 2019 ilipofungua huduma hiyo nyumbani. Askari watapenda kujua mahali ilipowekwa: katika Hospitali ya Jeshi ya Kanombe, Kigali, ambayo huwatibu raia na askari pamoja. Ni mfano wa taasisi ya ulinzi iliyolitumikia taifa katika vita visivyo na bunduki.

Lakini mashine kuwapo ni nusu ya safari. Chukua mfano wa mke wa koplo aliye katika kambi ya Moroto, huko Karamoja. Kutoka Moroto hadi Mulago ni safari ya zaidi ya kilomita 400. Hawezi kwenda asubuhi na kurudi jioni kwa wiki tano. Anahitaji mahali pa kulala Kampala, chakula, mtu wa kumsindikiza, na mtu wa kubaki na watoto. Dawa zitamtapisha, mionzi itamharisha, na damu yake ikipungua daktari ataweza kuisimamisha dawa mpaka aongezwe damu. Katika wiki ya tatu fedha zitakwisha, na nyumbani mtoto ataugua. Mama huyo atasema, naenda mara moja, nitarudi Jumatatu. Jumatatu hiyo ikikosekana, wiki nane zimekwisha kuvunjika.

SABABU YA TATU: KUTORUDI

Aliyemaliza tiba hajamaliza safari. Saratani hii ikitaka kurudi, mara nyingi hurudi katika miaka miwili au mitatu ya mwanzo. Ndiyo maana madaktari humtaka mgonjwa arudi kila miezi mitatu hadi sita katika miaka miwili ya kwanza, kisha kila miezi sita hadi kumi na miwili mpaka utimie mwaka wa tano. Ikigunduliwa mapema imerudi mahali pamoja, wako wanaoweza kutibiwa tena. Ikigunduliwa imekwisha kuenea, kinachobaki mara nyingi ni kupunguza maumivu, jambo ambalo nalo ni haki ya mgonjwa na halipaswi kudharauliwa.

Hapa ndipo maisha ya sare yanapoingia moja kwa moja. Mkulima aliyeacha anwani ya kijiji chake hupatikana hapo baada ya miaka kumi. Familia ya askari au polisi haina desturi hiyo. Leo iko Mbarara, mwakani Gulu, mwaka wa tatu iko mpakani, na mume yuko nje ya nchi na kikosi cha kulinda amani. Namba ya simu hubadilika, nyumba ya kambini hupewa mwingine, kadi ya kliniki hubaki ndani ya sanduku lililotumwa kwa lori. Karani wa hospitali hupiga simu isiyopokewa, kisha huandika katika faili maneno mawili tu: hajulikani alipo. Hakutoroka. Alihamishwa, kwa amri halali, na mtu aliyeiandika amri hiyo hakuwa na habari ya tarehe ya kliniki.

Lazima tuongeze neno juu ya wanawake wenye virusi vya UKIMWI. Uchunguzi uliofanywa Botswana na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba, miongoni mwa wagonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi, wale wenye virusi walikuwa katika hatari ya kifo karibu mara mbili ya wasio navyo. Mwanamke kama huyo ana kliniki mbili na dawa za aina mbili, na hawezi kuiacha moja kwa ajili ya nyingine. Uhamisho unaomkatia ufuatiliaji wa saratani humkatia pia chanzo cha dawa zake za kila siku.

KUISHI BAADA YA TIBA

Kuhesabu waliobaki hai hakutoshi. Yafaa tuulize wanaishi vipi. Mionzi huua saratani, na huacha alama. Mwanamke kijana hukoma hedhi kabla ya wakati, na uwezo wa kuzaa huondoka. Uke huweza kukaza na kukauka, tendo la ndoa likawa la maumivu. Kibofu na utumbo huweza kutoa damu miezi au miaka baadaye. Miguu huweza kuvimba kwa sababu ya tezi zilizoharibiwa, na mifupa ya nyonga kudhoofika. Kwa wachache hutokea fistula, mkojo au choo vikapita pasipo njia yake. Mengi ya hayo yana dawa, mazoezi au vifaa vya kuyapunguza, madhali mgonjwa amerudi kliniki na kuthubutu kuyasema.

Mume naye anapaswa kuyajua hayo kabla hayajatokea. Saratani haiambukizi. Mwanamke aliyepigwa mionzi ya nje haondoki na mionzi mwilini. Anaweza kulala kitanda kimoja na mumewe na kumbeba mtoto wake. Kujizuia kwake baada ya tiba hakutokani na chuki wala na mtu mwingine. Kunatokana na kidonda. Haikosi kusikika habari ya mwanamke aliyeishinda saratani akarudi nyumbani na kukuta nafasi yake imechukuliwa na mwingine. Mwanamume anayejivunia kwamba hajawahi kumwacha mwenzake aliyejeruhiwa uwanjani ajiulize amwite nani huyu aliyejeruhiwa nyumbani kwake.

KINGA, NA MFANO WA MAJIRANI

Tiba iliyo bora kuliko zote ni ile isiyohitajika. Mwaka 2011 Rwanda ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuanzisha chanjo ya HPV kwa wasichana nchini kote, na katika mwaka huo wa kwanza iliwafikia wasichana zaidi ya 90 katika kila 100 waliokusudiwa kwa dozi zote tatu zilizotakiwa wakati huo. Uganda ilieneza chanjo hiyo nchini kote mwaka 2015, na Tanzania mwaka 2018. Nchini Kenya, jaribio lililofanywa kwa wasichana na wanawake vijana 2,275 huko Kisumu, Thika na Nairobi lilionyesha kwamba dozi moja tu ilitoa kinga ya zaidi ya asilimia 97 katika miezi 18 ya mwanzo dhidi ya aina mbili za kirusi zilizo hatari kuliko zote. Mwishoni mwa mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba dozi moja yaweza kutosha kwa wasichana wenye afya ya kawaida. Askari mwenye binti wa miaka kumi hana udhuru.

Kwa mama zao, ambao chanjo imewapita, kuna uchunguzi wa mapema. Shirika hilo linashauri wanawake waanze kuchunguzwa wafikapo miaka 30, na wenye virusi vya UKIMWI waanze wafikapo miaka 25. Uchunguzi waweza kuwa wa kutafuta kirusi chenyewe, ambao mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe faraghani, au wa kupaka siki na kutazama mabadiliko ya rangi, ambao hata zahanati ndogo huumudu. Chembe zilizoanza kubadilika huondolewa kwa kuchomwa au kugandishwa, mara nyingi siku hiyo hiyo, na mama akarudi nyumbani kwa miguu yake.

Nchi za ulimwengu zilikubaliana mwaka 2020 juu ya shabaha tatu za kufikiwa ifikapo mwaka 2030: wasichana 90 katika 100 wawe wamechanjwa kabla ya miaka 15, wanawake 70 katika 100 wawe wamechunguzwa kwa kipimo cha kuaminika wafikapo miaka 35 na tena wafikapo 45, na 90 katika kila 100 wanaopatikana na ugonjwa wawe wametibiwa. Shabaha mbili za kwanza zitazaa matunda kwa mabinti na wajukuu. Ya tatu ndiyo inayowahusu wanawake walio katika wodi leo.

WAJIBU WA MWENYE SARE

Si kazi ya askari kutengeneza mashine ya mionzi, wala si kazi ya polisi kuandika dawa. Lakini kati ya sababu tatu tulizozitaja, hakuna hata moja isiyokuwa na sehemu yetu.

Mume anayeambiwa na mkewe habari ya damu isiyo ya kawaida asiseme tutaona mwisho wa mwezi. Ampeleke, au kama yuko kazini mbali, atume idhini na nauli siku hiyo. Mwenye mke anayetibiwa azijue tarehe zake kama anavyojua zamu yake ya lindo, na awe na nakala ya kadi yake ya hospitali. Hospitali ipewe namba za simu mbili au tatu, pamoja na ya jamaa asiyehama, na jina la kikosi.

Mkuu wa kikosi au wa kituo cha polisi anayeletewa ombi la ruhusa kwa sababu hii alifikirie kwa kuhesabu wiki nane. Ruhusa ya siku saba kwa tiba ya siku 56 ni sawa na kumpa mtu risasi saba kwa vita vya risasi hamsini na sita. Inapobidi kumhamisha askari ambaye mke wake yumo katika tiba, au ambaye mwenyewe ni mgonjwa, uhamisho ungoje tiba iishe, kwa kadiri kazi inavyoruhusu. Na inapokuwa lazima ahamishwe katika miaka ya ufuatiliaji, mganga wa kikosi amkabidhi barua kwa mganga wa kikosi kipya, kama vile silaha na vyombo vinavyokabidhiwa kwa saini. Hatumwachi askari aondoke na bunduki isiyoandikwa. Tusimwache mgonjwa aondoke na maradhi yasiyoandikwa.

Askari wa kike na polisi wa kike wasione kwamba kwenda kuchunguzwa ni kukiri udhaifu. Anayekagua silaha yake kabla ya kutoka doria hatuhumiwi uoga.

Wale wanawake 74 wa Kampala hatutawajua kamwe. Huenda baadhi yao wangali hai, bibi wenye wajukuu, wasiojua kwamba katika daftari fulani wameandikwa kuwa wamepotea. Huenda wengine walikufa kwa maumivu mahali ambapo hapakuwa na daktari wala dawa. Hatuwezi tena kuwaita. Lakini liko jina la mwanamke mmoja katika kila kambi na kila kituo ambaye tarehe yake ya kliniki ni mwezi huu. Jina lake litakapoitwa, na aitike.